Mkono wa Ngazi: Namna ya Kuchagua Unaoifaa Nyumba Yako

Katika nyumba nyingi za jamaa zetu huku Ghuba, ngazi ndiyo kitu cha kwanza anachokiona mgeni akishavuka mlango wa mbele. Sakafu ni ya marumaru, juu inaning'inia taa ya thuraya, na ngazi inapanda kwa mzunguko mpaka ghorofani. Mwenye nyumba hutumia miezi kuchagua marumaru na wiki kuchagua taa, lakini mkono wa ngazi huchaguliwa asubuhi moja tu kwa kutazama picha katika simu ya fundi. Kisha huja likizo, bibi akafika kutoka Unguja, Pemba au Mombasa, akasimama chini ya kidato cha kwanza akitafuta pa kushika, na hapo ndipo inapobainika kuwa kile kitu cha rangi ya dhahabu hakishikiki.

Nimeyaona haya kwetu wenyewe. Mkono wa ngazi ulikuwa mpana kama paja la mtoto, umenakshiwa majani na maua, na kila mgeni aliusifu. Bi mkubwa wetu alikuwa akishuka kwa kukaa kitako, kidato baada ya kidato, na akituomba tusimwambie mtu. Tulikuja kubandika bomba jepesi la mbao upande wa ukuta, na mpaka leo hilo ndilo linaloshikwa na watu wote wa nyumba, wakiwemo vijana.

Kwanza majina, kwa sababu fundi na mwenye nyumba wakipishana kwenye maneno, kazi huharibika. Wako wanaosema reli, wako wanaosema kishikio, na madukani huku utasikia darabzini, neno ambalo Waarabu walilichukua kutoka Kiajemi. Hapa tutauita mkono wa ngazi ule ubao au bomba la juu ambalo kiganja hulishika. Vijiti ni zile nguzo nyembamba zinazosimama kati ya mkono na vidato. Nguzo ya kuanzia ni ile nene iliyo chini kabisa, mahali ngazi inapoanza. Ni vitu vitatu mbalimbali, na si lazima vyote vitengenezwe kwa kitu kimoja. Mwenye kulijua hilo tu ameshapata nusu ya uhuru wa kuchagua.

Wazee wetu walishika nini?

Watu wengi wanaomwendea seremala humwambia: nataka ngazi ya Kizanzibari. Ni ombi zuri, lakini lina utata wake. Katika nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe, ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama sana, zimebanwa kati ya kuta nene za mawe na chokaa. Upana wa vyumba vyenyewe ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya ngazi pana ya kujionyesha. Mtu alipanda akiegemeza kiganja ukutani huku na huku. Nyumba za udongo na mawe za Oman ya ndani, kama zile za Al Hamra, zina tabia hiyohiyo: ukuta ndio mkono wa ngazi.

Nakshi za mbao tunazozikumbuka zilikuwa kwenye milango, na kwenye roshani na veranda. Roshani za ile Dispensari ya zamani pale Mizingani, jengo lililokamilika mwaka 1894, ni mfano ambao kila anayeshuka bandarini Unguja anaweza kuutazama. Kwa hiyo anayetaka ngazi ya Kizanzibari hasa anataka roshani iingizwe ndani ya nyumba na kulazwa juu ya vidato. Inawezekana, na ikifanywa vizuri inapendeza mno. Lakini roshani ilitengenezwa ili mtu aegemee viwiko akitazama njiani. Ubao wake wa juu ni mpana na bapa. Ngazini mtu haegemei, anashika, tena wakati mwingine anashika kwa ghafla mguu ukiteleza. Seremala akinakili roshani kama ilivyo, utapata ngazi nzuri ya kupigia picha.

Na ukitaka kuona ngazi iliyojengwa makusudi ili mtu asipande salama, nenda ngome ya Nizwa, iliyojengwa na Imam Sultan bin Saif al-Ya'rubi katika karne ya 17. Ngazi ya kwenda juu ya mnara ni nyembamba na ina mipindo. Ina milango mizito ya kumzuia adui, mashimo yaliyofunikwa kwa mbao ili atumbukie, na matundu ya kummwagia asali ya tende ya moto. Gizagiza, mpindo usioutarajia, na kukosa pa kushika vilikuwa silaha. Asali ya tende tumeiacha, lakini hayo matatu mengine bado nayaona katika villa mpya.

Kipimo cha mkono wa binadamu

Kabla ya kuzungumza juu ya mbao au chuma, fumba kiganja chako kana kwamba umeshika bomba. Vidole na dole gumba vikaribie kukutana. Bomba la duara linaloshikika hivyo lina upana wa milimita 32 hadi 50 hivi. Likizidi hapo, mkono wa mzee mwenye baridi yabisi huishia kuulalia juu tu, na kulalia si kushika. Kama unapenda ubao mpana kwa sura yake, mwambie seremala auchimbe mfereji pande zote mbili, ili vidole vipate pa kuingia chini ya kingo. Kazi hiyo huongeza gharama kidogo na hubadilisha kila kitu.

Urefu hupimwa kutoka ukingo wa kidato kwenda juu wima. Kanuni za nyumba za Uingereza zinataka sentimita 90 hadi 100, na zile zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani ni takriban sentimita 86 hadi 96. Ukiuweka kati ya 90 na 96 umeziridhisha zote mbili. Manispaa ya mji wako huku nayo ina masharti yake, na mhandisi aliyechora ramani anapaswa kukupa kwa maandishi. Muombe.

Kati ya mkono na ukuta acha nafasi ya sentimita 4 au 5, ili vifundo vya vidole visikwaruzwe na lipu. Kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 10, maana mwili wa mtoto mchanga hupita mahali ambapo kichwa chake hukwama. Kata mraba wa kadibodi wa sentimita 10 kwa 10, uende nao dukani. Ukipita kwa ulegevu kati ya vijiti, muuzaji akikwambia hakuna neno, usimsikilize.

Kama ngazi ina upana wa mita moja au zaidi, weka mkono pande zote mbili. Uingereza ni sharti, na huku tuna sababu zetu za ziada. Fikiria mavazi yetu. Mama aliyevaa buibui refu hupanda akiwa ameinua pindo kwa mkono mmoja. Kijana wa kanzu hushuka na sinia la chakula cha wageni siku ya Idi. Mwingine amempakata mtoto. Kila mmoja wao ana mkono mmoja tu ulio huru, na hujui utakuwa wa kulia au wa kushoto. Isitoshe, aliyepooza upande mmoja huhitaji mkono wa kulia akipanda na wa kushoto akishuka, au kinyume chake.

Jambo lingine la mavazi ni ncha za mkono wa ngazi. Mitindo mingi ina ncha iliyochomoza, yenye ua au kichwa cha mshale. Mkono mpana wa buibui hunaswa hapo na kumvuta mtu nyuma. Ncha irudi ukutani, au ipinde chini, au iingie ndani ya nguzo. Na mkono usikome pale pale kidato cha mwisho kinapokomea. Uendelee mbele kama sentimita 30, ili anayeshuka awe bado ameshika wakati mguu wake unapotafuta kama sakafu imeshafika au bado.

Mitindo na mahali pake

Mbao bado ni mtindo unaonivutia zaidi kwa nyumba ya mtu wa asili yetu, na si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Mbao haichomi wakati wa joto, haigandi kiganja kwenye kiyoyozi, na ikikwaruzwa hupigwa msasa. Msaji una mafuta yake ya asili na huvumilia unyevu vizuri. Mvule, mninga na mkangazi pia hufanya kazi nzuri ndani ya nyumba. Vijiti vya kukereza, yaani vya duara vilivyonyooshwa kwenye mashine ya mkerezaji, huonekana vyepesi machoni. Vile vya mbao bapa zilizokatwa nakshi ni vizito na vinataka ukumbi mkubwa. Tahadhari kuhusu nyavu za mbao za mtindo wa mashrabiya: zinapendeza, lakini vitundu vikiwa vikubwa vya kutosha kuingiza kidole cha mguu, mtoto wa miaka mitatu ameshapata ngazi juu ya ngazi. Vitundu viwe vidogo sana, au uache nyavu kwa dirisha.

Wapo wanaoagiza kazi kutoka Unguja au Lamu. Mbao iliyokaa miaka katika hewa ya bahari ikiingia ghafla ndani ya nyumba yenye kiyoyozi mchana na usiku hukauka, hujikunja, na viungo hufunguka. Iache ipumzike ndani ya nyumba hiyohiyo wiki kadhaa kabla ya kufungwa. Ikiwa unaishi Salalah mambo ni kinyume, kwani wakati wa khareef mbao huvimba, na fundi asiyeacha nafasi ndogo kwenye viungo atarudi kuvirekebisha. Na kuagiza kazi mpya kwa seremala ni jambo moja, kununua vipande vilivyong'olewa katika nyumba za watu ni jingine. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila kijiti kinachotoka humo kwa siri kinaacha roshani yenye pengo. Vitu vya kale vina sheria zake za kuvitoa nchini. Mwenye kuuza asiye na karatasi, mwache.

Chuma cha kufua, kinachopindwa kwa moto na nyundo, huwafaa wenye ngazi ya mzunguko, kwa sababu hufuata mpindo bila viungo vingi. Kimepakwa rangi nyeusi na kuwekwa mkono wa mbao juu yake, kwa maoni yangu huo ndio mchanganyiko wenye kosa dogo kuliko yote: imara, bei ya wastani, na unakubaliana na nyumba ya kisasa na ya zamani. Chagua vijiti vilivyosimama wima vyenye pambo chache katikati. Maua ya chuma kila kidato huchosha macho, na vumbi la huku halina huruma, kila jani litataka kitambaa chake.

Alumini ya kusubu yenye rangi ya dhahabu ndiyo inayotawala maduka. Haishiki kutu kama chuma, ni nyepesi, na ina nakshi za kila namna. Ubaya wake ni kwamba nakshi hizo mara nyingi hupanda mpaka juu, mahali pa kiganja, na rangi ya dhahabu hutoka kwanza hapo hapo panaposhikwa. Ukiipenda, iwe kwa vijiti, na juu uweke mbao au bomba laini.

Chuma cha pua kina daraja zake, na wachache huulizwa wanataka ipi. Kinachotumika sana ni namba 304. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, kama Qurum, Sur au Jumeirah, namba 316 huhimili chumvi vizuri zaidi. Ile ya 304 huanza kutoa madoa ya rangi ya chai ndani ya muda mfupi ikiwa nje. Epuka mtindo wa nyaya au mabomba yaliyolala kwa urefu wa ngazi. Kwa nyumba yenye watoto hizo ni ngazi za kupandia, na watoto hawahitaji kufundishwa.

Kioo sina ugomvi nacho, mradi mwenye nyumba ajue anachonunua. Kioo kilichokaushwa kwa moto, kikivunjika, huwa punje ndogondogo na pengo hubaki wazi. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki, kikivunjika, hubaki kimeshikana mahali pake. Kwa ngazi, taka cha tabaka, na kila tabaka iwe imekaushwa kwa moto. Kingo za kioo si mkono wa ngazi. Lazima pawe na bomba au ubao wa kushika juu au pembeni. Kioo cha kupinda kwa ajili ya ngazi ya mzunguko hutengenezwa kimoja kimoja kwa kipimo chake, kwa hiyo kikipasuka leo, mwezi mzima unaweza kupita ukisubiri kingine. Na alama za vidole vya wajukuu utazifuta kila Ijumaa.

Mtindo wa mwisho ndio wa kale kuliko yote na ndio unaosahauliwa: ukuta mfupi wa kupigwa lipu, wenye ubao wa mbao juu. Ndio unaokaribiana zaidi na nyumba za Oman za zamani. Mtoto hapiti, hapandi, hakuna vumbi la kupangusa, na bei yake ni ndogo. Huzuia mwanga, hilo kweli, kwa hiyo ngazi iwe na dirisha. Na ndani ya ukuta huo ufunge mkono mwembamba wa kushika, kwa sababu ule ubao wa juu ni mpana.

Kuhusu kulinganisha na nyumba, kanuni yangu ni fupi: fuata mlango, usifuate sakafu. Mkono wa mbao ukifanana na milango ya ndani, nyumba yote hushikana. Ukifanana na marumaru, hupotea. Kama ukumbini pana kasha la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, kichwa cha shaba juu ya nguzo ya kuanzia kitaitikia. Shaba hubadilika rangi inapoguswa, na wako wanaolipenda hilo kuliko kuing'arisha. Lakini usichanganye dhahabu, fedha na nyeusi katika ukumbi mmoja.

Rangi ina kazi nyingine pia. Mwenye mtoto wa jicho hauoni mkono mweupe uliofungwa juu ya ukuta mweupe. Mbao ya rangi ya kahawa juu ya ukuta mweupe huonekana hata taa ikiwa hafifu. Weka taa ndogo mahali ngazi inapopinda.

Ngazi ya nje inayopanda darini ni habari yake mbali. Chuma kilichopigwa jua la Julai mpaka saa tisa mchana hakishikiki kabisa, na mtu aliyekiogopa hupanda mikono mitupu. Kipake rangi nyeupe au ya mchanga, kitie kivuli, au ukivike mbao ngumu mahali pa kiganja.

Juu ghorofani, kizuizi kinachotazama ukumbi ulio wazi kinahitaji urefu zaidi ya mkono wa ngazini. Uingereza kiwango cha chini kwa nyumba ni sentimita 90. Mimi ningeweka mita moja na kitu, kwa sababu watoto wa familia tano hukusanyika hapo usiku wa Idi. Wala usiweke kiti, sanduku au chungu cha maua karibu nacho.

Nyumba ya kupanga, na ngazi ambayo tayari ipo

Si kila mtu anajenga. Anayepanga anaweza kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufunga mkono wa mbao upande wa ukuta, na wengi hukubali kwani nyumba huzidi thamani. Tatizo huwa ni ukuta wenyewe. Matofali ya saruji yenye matundu hayashiki skrubu ya kawaida, yanahitaji nanga zake maalumu. Ukuta wa jasi haushiki chochote mpaka upate ubao au fremu nyuma yake. Vishikilio visipishane zaidi ya mita moja.

Kwa ngazi mpya, kosa ninalolikuta zaidi ni nguzo zilizofungwa kwenye marumaru peke yake. Marumaru ni ngozi tu. Skrubu zipite mpaka kwenye zege, tena nguzo zipangwe kabla marumaru haijalazwa. Ukiona fundi wa marumaru ameshamaliza na fundi wa chuma hajaitwa, simamisha kazi.

Usilipe kwa picha. Muombe fundi kipande cha nusu mita, kama kilivyo, kikiwa na rangi yake na kijiti kimoja. Kipeleke nyumbani, mpe mama akishike, mpe mtoto wa miaka sita akishike, kiweke nje siku mbili juani kama ni cha nje. Mafundi wengi huku hawasemi Kiswahili, na Kiarabu chetu na chao hupishana, lakini kipande mkononi na kipimo kilichoandikwa kwa milimita huelewana na kila mtu.

Siku ya kukabidhiwa, kabla ya malipo ya mwisho, shika nguzo ya kuanzia kwa mikono miwili uisukume huku na huku kwa nguvu zako zote. Isicheze hata kidogo. Kisha pitisha kiganja juu ya mkono wote kutoka chini mpaka juu, polepole, ukiwa umefumba macho. Panapokwaruza, panapokatika, panapokulazimisha uachie, patie alama kwa kalamu, na fundi apatengeneze siku hiyohiyo. Halafu zima taa ushuke tena.